Wananchi Wenye Hasira Kali Ndani ya Treni ya Poirot

Wadau, nimeadimika kwa wiki tatu hivi, mtanisamehe. Kazi ya gazeti mnaijua: unatoka asubuhi ukidhani utarudi saa kumi na moja jioni, unarudi saa nne usiku na simu bado inaita. Leo niko mapumziko, mvua inanyesha, na kuna ubishi umenikaa kifuani tangu Jumamosi. Nauleta kwenu.

Ninaishi na jamaa yangu mmoja tuliyesoma naye chuo. Yeye alichukua sheria, mimi uandishi wa habari, sasa tunagawana kodi ya vyumba viwili na sebule. Jumamosi hiyo alirudi na flashi iliyojaa vipindi vya Poirot, vile vya Waingereza ambavyo David Suchet aliigiza kuanzia 1989 hadi 2013, vipindi 70 kwa jumla. Tukaanza na kile chenye jina kuliko vyote, Murder on the Orient Express, kilichotengenezwa 2010. Saa moja na nusu baadaye tulikuwa hatusemezani. Yeye anasema wameiharibu riwaya. Mimi nasema wameifanyia kitu ambacho mwandishi mwenyewe, Agatha Christie, alikikwepa.

Onyo kabla sijaenda mbali: nitasema muuaji ni nani. Kitabu kilichapwa 1934, kimemzidi umri marehemu babu yangu, kwa hiyo msije mkanilaumu kwamba nimewaharibia utamu.

Kwa wasiomjua, Poirot ni mpelelezi Mbelgiji, mfupi, mwenye kichwa kama yai na sharubu anazozitunza kuliko watu wengine wanavyotunza magari yao. Hakimbizi mtu wala harushi ngumi. Anakaa, anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi, kisha anawakusanya wote sebuleni na kueleza nani kafanya nini. Sisi tuliosoma Mzimu wa Watu wa Kale tunaujua mwendo huo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla naye ni mtu wa kukaa na kiko chake akiwaza, huku wengine wakihangaika. Raha ya hadithi hizi ni kwamba mtu amekufa lakini hakuna anayelia. Maiti ni fumbo. Likifumbuliwa tunafunga kitabu, tunazima taa, tunalala.

Sasa fumbo lenyewe. Treni inatoka Istanbul kwenda Ulaya Magharibi, inakwama kwenye theluji huko Yugoslavia, kati ya Vinkovci na Brod. Asubuhi abiria mmoja, tajiri wa Kimarekani anayejiita Ratchett, anakutwa amekufa kitandani kwake, amechomwa kisu mara 12. Majeraha yenyewe ni ya ajabu. Mengine yamezama, mengine ni mikwaruzo tu. Mengine yanaonekana kupigwa kwa mkono wa kulia, mengine kwa kushoto. Poirot anagundua kwamba Ratchett jina lake halisi ni Cassetti, mtu aliyemteka huko Marekani mtoto wa miaka mitatu, Daisy Armstrong, akamuua na bado akachukua fedha za fidia. Mama wa mtoto alikuwa mjamzito, akafa yeye na kichanga chake. Baba akajipiga risasi. Mtumishi wa nyumba akashukiwa bure, akajirusha dirishani. Cassetti akafikishwa mahakamani, akatoka kwa nguvu ya pesa zake na dosari ya kisheria.

Christie hakuliokota hilo hewani. Mwaka 1932 mtoto wa rubani maarufu Charles Lindbergh alitekwa kule New Jersey na kukutwa amekufa. Polisi walimhoji mara kwa mara mtumishi wa nyumba ya wakwe zake Lindbergh, Violet Sharp, mpaka akanywa sumu akafa. Baadaye ikathibitika kwamba hakuhusika. Riwaya ilipotoka Januari 1934, mtu wa kesi ile alikuwa bado hajakamatwa. Msomaji wa wakati ule alifungua kitabu akiwa na hasira yake tayari, mwandishi hakuhitaji kumpa nyingine.

Na jibu la fumbo? Wote. Watu 12 walioguswa na msiba wa familia ya Armstrong walipanda treni moja kwa makusudi, wakaingia chumbani mmoja mmoja, kila mtu na pigo lake. Kumi na wawili, kama wale raia 12 wanaoketi mahakamani huko Uingereza na Marekani kuamua mtu ana hatia au hana. Kitabuni Poirot anatoa maelezo mawili: moja la uongo, kwamba muuaji ni mtu wa nje aliyepanda na kushuka, na moja la kweli. Kisha anamwachia bwana wa kampuni ya treni na daktari wachague. Wanachagua la uongo, tena haraka, na Poirot anajitoa kwenye kesi. Basi. Kurasa zimekwisha. Ukisoma una miaka 17, kama nilivyosoma mimi, unatabasamu na kusema safi sana, kapata stahiki yake.

Filamu ya sinema ya 1974, ile ya Sidney Lumet, ililifuata tabasamu hilo mpaka mwisho. Wauaji wanagonganisha glasi za shampeni. Muziki, nguo nzuri, nyota wakubwa, Ingrid Bergman akachukua Oscar. Naipenda filamu ile, nisiwe mnafiki. Lakini jiulizeni mmeona nini pale: watu 12 wamemchoma kisu mtu aliyeleweshwa dawa, halafu wanapongezana.

Toleo la runinga la 2010 halina shampeni. Stewart Harcourt aliyeandika na Philip Martin aliyeongoza walianza mahali pengine kabisa. Dakika za mwanzo afisa kijana wa jeshi, aliyebanwa na Poirot kuhusu uongo wake, anajipiga risasi mbele yake, na damu inamrukia Poirot usoni. Kitabuni jambo la afisa kujiua limetajwa kwa mbali tu, kama uvumi wa stesheni. Hapa tunaoneshwa. Poirot anaipangusa ile damu, na ukimtazama Suchet unaona mtu anayejiambia kwamba alikuwa sahihi, aliyedanganya ni yule. Sheria ni sheria. Huyo ndiye Poirot anayepanda treni.

Kabla ya treni kuna tukio lingine ambalo halimo kitabuni: Istanbul, mtaani, umati unamkimbiza mwanamke aliyeshika mimba nje ya ndoa na kumpiga mawe. Mary Debenham, mmoja wa abiria wetu, anashuhudia na anaumia. Poirot hatikisiki sana, anaona kwamba yule mwanamke aliijua sheria ya watu wake akaivunja.

Hapa jamaa yangu alisimamisha picha na kuanza kupiga kelele, na kusema kweli kwa hili nilikuwa upande wake. Uturuki ya miaka ya 1930 ni Uturuki ya Atatürk. Mwaka 1926 walichukua sheria ya jinai ya Italia na ya madai ya Uswisi, na 1928 wakauondoa Uislamu kwenye katiba kama dini ya dola. Kumpiga mwanamke mawe barabarani Istanbul wakati huo si picha ya mji ule. Ni picha ya Mzungu anayetafuta mahali pa kuuweka ukatili, na kila akitafuta anakuta Mashariki. Mbaya zaidi, tukio lile linaidhoofisha hoja ya filamu yenyewe. Kama walitaka umati unaoua, Marekani ya miaka ile ile ilikuwa nao mwingi: watu weusi waliokuwa wakinyongwa kwenye miti, umati ukipigwa picha ukicheka, na picha zikigeuzwa postikadi. Wale abiria Wamarekani wasingehitaji kuvuka bahari kujifunza kazi hiyo.

Lakini nikaelewa tukio lile lilikuwa linatengeneza nini.

Twende kwenye mauaji. Kwenye toleo hili Ratchett, ambaye Toby Jones anamcheza kama panya aliyebanwa kwenye kona, tunamwona akisali. Si mtu mwema, hata kidogo, lakini anasali, na Poirot naye anasali chumbani kwake, na kamera inatupeleka huku na huku. Kisha wanapokuja na kisu, dawa waliyompa imemlegeza mwili tu. Macho yamefunguka. Anawaona. Mmoja anachoma, anampa mwenzake kisu. Kuna anayelia, kuna anayetaja jina la mtoto, kuna mwenye uso kama wa mtu anayeosha vyombo. Hata daktari, ambaye kitabuni si mmoja wao, humu wamemwingiza kwenye hesabu. Mimi niliyeshangilia nikiwa na miaka 17 nilijikuta nimeshika mto wa kochi.

Ikanijia sentensi moja. Ninyi mnaosoma magazeti yetu mnaijua, wala hamuioni tena kwa jinsi mlivyoizoea: mtu mmoja anayedhaniwa kuwa mwizi ameuawa na *wananchi wenye hasira kali*.

Nimeiandika sentensi hiyo mara ngapi? Sijahesabu, na naogopa kuhesabu. Iko tayari kwenye vidole, kama "alifafanua" na "aliongeza kuwa". Unapigiwa simu, unafika au hufiki, unaandika aya nne, polisi wanatoa wito kwa wananchi kutojichukulia sheria mkononi, mwisho wa habari. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikivihesabu vifo vya namna hii katika ripoti zake miaka nenda rudi. Sisi wa magazeti tunavihesabu kwa sentimita za safu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kwenye mtaa mmoja wa pembezoni mwa Dar es Salaam. Kijana alikuwa amekamatwa alfajiri na simu ya mtu, wakamaliza kazi kabla ya jua kupanda. Nilipofika alikuwa amefunikwa kanga mbili, miguu nje. Watu walikuwepo wengi. Nikauliza nani ameona. Hakuna. Kijana wa bodaboda akasema yeye amefika sasa hivi, na pikipiki yake ilikuwa ya baridi, imeegeshwa kivulini. Mama wa maandazi peke yake ndiye aliyenijibu kwa uaminifu, akasema, "Tulitoka wote, mwanangu," kisha akaendelea kugeuza maandazi. Niliandika aya zangu nne. Wananchi wenye hasira kali.

Siku ya tatu akaja dada mmoja mapokezi, ameshika lile gazeti, anamtafuta aliyeandika. Nikadhani anakuja kugombana, kusema mdogo wake hakuwa mwizi. Nilikuwa nimeshaandaa majibu. Akanisalimia vizuri, akaketi, akasema: "Kaka, mdogo wangu alikuwa anaiba. Mimi mwenyewe ameniibia. Nilichokuja kuuliza ni hawa wananchi. Ni akina nani? Maana umeandika kama unawajua." Nikamwambia ndivyo tunavyoandika. Akauliza tena, taratibu tu, kama mtu aliyeshika risiti isiyosomeka: "Kwa hiyo hawana majina?" Nikamwelekeza polisi. Akanishukuru, akaondoka na gazeti lake.

Sasa mnaona kwa nini filamu ya treni ilinikosesha usingizi. Ujanja wa wale 12 hauko kwenye mpango wa ratiba na vitambulisho vya uongo, uko kwenye idadi. Kila mtu achome, ili asijulikane aliyeua. Mikwaruzo ile ya kitabuni, ile isiyoweza kuua hata kuku, ilipigwa na mtu anayetaka kuwemo bila kuwa yeye. Kwenye umati wa mtaani ni vilevile: kuna mwenye tofali, kuna mwenye teke moja, kuna aliyetoa lita ya petroli, kuna aliyeshika simu akirekodi. Ukimbana yeyote atakwambia mimi niligusa tu. Kanuni ya Adhabu haijali nani aligusa na nani alizamisha, mliokwenda kwa nia moja mnabeba pamoja. Lakini ili sheria hiyo ifanye kazi inahitaji majina, na majina ndiyo sisi tunayoyafuta kwa maneno manne.

Poirot wa 2010 anayataka majina. Taa za treni zimezimika, wote wamejifunika makoti wakitetemeka, naye anawafokea kwa hasira ambayo sijapata kuiona kwake kwenye kipindi kingine. Anawaambia kwamba wakiacha sheria ianguke wamekuwa kama genge la barabarani, watu wanaojiteua wenyewe kuwa waamuzi na wanyongaji. Hapo mawe ya Istanbul yanarudi. Mmoja wao, mwanamke mcha Mungu, anamjibu kwa andiko lile la asiye na dhambi awe wa kwanza kutupa jiwe, na anasema wao hawakuwa na dhambi. Anasema kwa machozi, anaamini kabisa. Nimewahi kusikia sauti hiyo. Mama wa maandazi hakuwa na machozi, lakini imani ilikuwa ileile.

Jamaa yangu mwanasheria ana hoja, na sitaki nimfanye mjinga kwa sababu hayupo hapa kujitetea. Anasema hivi: wale watu walikwenda mahakamani kwanza. Hawakuamka tu na kisu. Walingoja, wakasikilizwa, wakamwona mtu aliyemuua mtoto akitoka mlangoni akitabasamu. Akaniambia, "Wewe unaandika habari za mahakamani, mimi nashinda humo. Unajua jalada linavyopotea. Unajua shahidi anavyohamishwa mkoa. Mwambie huyo mama wa mtaani ambaye kibaka wake anarudi mtaani siku ya tatu kwamba asubiri utawala wa sheria." Nikamkumbusha Ibara ya 13 ya Katiba, mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Akacheka. Akasema hiyo ibara na yeye anaijua, tena kwa moyo, na ndiyo iliyomtoa Cassetti.

Sina jibu la kumfunga mdomo, na nashukuru filamu nayo haikujifanya inalo. Ningeweza kusema kwamba baraza la watu 12 mahakamani linamsikiliza mshitakiwa kwanza, na lile la treni lilimfunga mdomo kwa dawa. Ningeweza kusema kwamba Violet Sharp naye alikuwa "anajulikana" kuwa anahusika. Niliyasema yote mawili Jumamosi. Akanijibu kwamba Cassetti hakuwa Violet Sharp, na ni kweli hakuwa.

Kwenye filamu, mmoja wao, Kanali Arbuthnot, anapoona Poirot hakubali, anataka kumaliza kabisa: wauawe Poirot na bwana wa kampuni ya treni, siri izikwe. Mary Debenham anamzuia. Tukio hilo nalo limeongezwa, na wapenzi wa kitabu wanalichukia. Mimi naona ndilo la kweli kuliko yote, kwa sababu mkono ulioua mwenye hatia usiku mmoja, asubuhi yake umeshaanza kuwapima wasio na hatia. Waandishi wa habari ambao wamewahi kufika eneo la tukio mapema mno na kamera shingoni wanajua ninachosema.

Kisha mwisho. Polisi wa Yugoslavia wanafika, na Poirot, yule wa damu usoni, yule wa sheria ni sheria, anawapa maelezo ya uongo. Mtu wa nje, amepanda, ameua, ameshuka. Anawaachia. Matokeo ni yaleyale ya kitabuni, neno kwa neno karibu. Tofauti ni kwamba baada ya hapo anageuka na kutembea kwenye theluji peke yake, rozari mkononi, uso unamkunjamana mpaka unageuka kilio, na hakuna anayemfuata. Wale 12 wamesimama nyuma yake kwenye baridi. Hakuna aliyeshangilia.

Jamaa yangu anasema hapo ndipo wameharibu zaidi, Poirot si mtu wa kulia. Labda. Suchet alimcheza miaka 21 kufikia siku hiyo, nadhani ana haki ya kujua lini analia.

Juzi Jumatano nilitumwa tena. Mtaa mwingine, kijana mwingine, betri ya gari. Safari hii nilikaa saa tatu. Nilipata mtu aliyekubali kusema kwamba walioanza ni vijana wa kijiwe fulani, kama sita hivi, na kwamba polisi walipigiwa simu mara mbili wakati kijana bado anaongea. Niliyaandika hayo, pamoja na jina lake, kwa sababu mama yake alinitajia na kuomba liandikwe. Aya zangu zilikuwa saba. Mhariri wangu ni mtu mzuri, ana ukurasa wa kujaza na tangazo lililoingia saa tatu usiku, nami nilikuwa nimeshapanda daladala.

Asubuhi nilinunua gazeti kituoni. Aya mbili, kona ya chini kushoto. Jina la kijana lilibaki. Vijana wa kijiwe na zile simu mbili havikuwepo, na mahali pao walikuwa wamesimama wananchi wenye hasira kali.